Mwaka wa Namba Zilizogongana

Tulimzika Bwana Musyoka kwake Kasikeu, siku ya Jumamosi, chini ya hema la kukodi ambalo upepo ulilipigapiga mpaka wazungumzaji wakalazimika kupaza sauti. Mchungaji alimsifu kama mzee wa kanisa. Jirani alimsifu kwa machungwa yake, na kwa jinsi alivyowafundisha wenzake kupogoa. Mwanawe wa kwanza alisoma wasifu wa marehemu, na alipofika kwenye miaka ya kazi alisema tu kwamba baba alifanya kazi ya kompyuta katika hospitali moja Kitui, kisha akarudi nyumbani kulima. Sentensi moja. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma pamoja na Sista Nduku, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, na aliposikia hivyo alinishika goti. Tulikula wali na nyama ya mbuzi, tukaulizana habari za watoto, kila mtu akaenda zake. Lakini njiani, nilipopita Malili na malori yamepanga foleni kando ya barabara, nilijikuta bado nabishana na ile sentensi. Mtu anaweza kuishi miaka mingi, na mmoja tu kati ya hiyo ukawa ndio uliomfundisha mtu mwingine kazi na maisha, na wanawe wasijue. Mimi najua kwa sababu nilikuwa chumbani naye.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka. Hospitali ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya mji wa Kitui, na walipoamua kuachana na mafaili ya karatasi hawakuwa na mahali pengine pa kuweka seva, ile kompyuta kubwa iliyotunza habari za kila mgonjwa. Wakatoa mashuka, wakaacha rafu, na harufu ya sabuni na pasi ya makaa ikabaki ukutani mwaka mzima. Seva ilikaa juu ya meza ya mbao, betri zake chini, na kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo ambayo mimi, msaidizi mpya, ndiye niliyeimwaga. Bwana Musyoka alivaa sweta hata mwezi wa kumi, jua la Kitui likichoma nje, kwa sababu ndani kulikuwa na baridi ya kuumiza vidole. Ukuta uliotutenga na ofisi ya msimamizi wa hospitali, Bwana Ndambuki, ulikuwa wa mbao nyembamba iliyopakwa rangi ya maziwa. Akikohoa tulisikia. Akifokea mtu tulisikia, na tuliacha kutafuna mpaka amalize.

Watu hudhani kazi ya hifadhidata ni kuandika mambo magumu kwenye skrini. Sehemu kubwa ni kuulizwa kwa nini. Kwa nini sistimu inakwama kila Jumatatu asubuhi? Kwa sababu madirisha mengi yanaomba kwa pamoja, na wengine wameacha skrini wazi wakaenda chai, bado wameshikilia nafasi. Kwa nini leo inakataa kuhifadhi? Kwa sababu diski imejaa kumbukumbu ambazo mashine inajiandikia yenyewe, kila badiliko, na hakuna aliyeiambia izifute. Nilikuwa nimetoka chuo na majibu mengi mdomoni. Nikianza kusema "Nafikiri," Bwana Musyoka aliinua kidole. "Kufikiri kutakuja. Kwanza umeona nini?" Nilichukia swali hilo. Tulikula isyo kutoka kantini, mahindi na maharagwe yaliyoiva mpaka yakapasuka, na katikati ya kula angeniuliza tena, umeona nini, mpaka ninyamaze nirudi kwenye skrini na kijiko mkononi.

Katikati ya mwaka hospitali ilifungua kliniki ndogo Kasikeu, karibu na nyumbani kwake, na tukaambiwa tuweke mashine ya pili kule. Mpango ulikuwa rahisi kueleza. Mtu akiandikishwa Kitui aonekane Kasikeu, na wa Kasikeu aonekane Kitui. Kila mgonjwa alikuwa na namba, na namba ndiyo iliyobeba kila kitu chake: vipimo, dawa, siku ya kurudi. Laini ya mtandao kati ya vituo viwili ilikatika mara kwa mara, hasa mvua ikinyesha, na ikikatika kila mashine iliendelea na kazi peke yake. Ikirudi, zilipeana zilichoandika. Mwanzoni zilikuwa zikigoma. Moja ingekataa kupokea habari za mwenzake na kusimama kabisa, na Bwana Ndambuki angegonga ukuta wa mbao kwa ngumi. "Musyoka, Kasikeu hawaoni kitu. Wagonjwa wanakaa tu." Aligonga hivyo karibu kila siku, mpaka Bwana Musyoka akawa anashtuka hata mlango ukifungwa. Halafu wiki moja mashine ziliacha kugoma. Tulipumua. Ukuta ukanyamaza.

Ndipo malalamiko yakaanza, madogo madogo, kutoka kona ambazo hazikuhusiana. Mtoto wa kliniki ya chanjo akaonekana kwenye skrini ana miaka ya mzee. Mwanamume akaitwa dirishani kwa jina la kike, na foleni nzima ikacheka. Lawama zilimwangukia Mwikali, msichana wa mapokezi, kwa sababu majina yalipita mikononi mwake. Siku moja tukila tulimsikia upande wa pili wa ukuta.

"Unaandika huku unaongea na simu," Bwana Ndambuki alisema.

"Hapana. Niliandika vizuri. Yule mama nilimwambia hata arudie jina."

"Basi jina lilijibadilisha? Kompyuta haiwezi kubadilisha jina la mtu, Mwikali. Chukua hii barua ya onyo. Ya pili utaenda nyumbani."

Alitoka akilia. Bwana Musyoka aliweka sahani chini. "Hiyo aliyosema si kweli," aliniambia kwa sauti ndogo. "Kompyuta inaweza." Tangu siku hiyo hakunicheka wala kunitania. Tulianza kupitia mabadiliko yote ya mafaili yaliyolalamikiwa, na kila tulipokaribia kupata mpangilio fulani tuliitwa kwingine, printa ya famasi imekwama, dirisha la malipo halifunguki. Nakumbuka wasiwasi wa majuma yale mwilini kuliko akilini. Nilikuwa nikiamka na mabega yamekaza. Hospitalini kitu kilikuwa kinaharibika mbele ya macho yetu, taratibu, na kila mtu alikuwa akiendelea na kazi.

Siku kilipoonekana ilikuwa siku ya soko. Foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika getini. Sista Nduku, ambaye alikuwa mkuu wa wodi ya wanawake, aliingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mumbua, nifungulie faili la Kalekye. Yule mama wa presha niliyemruhusu asubuhi. Skrini ya wodi haimleti."

Nikaandika namba. Jina lililokuja halikuwa Kalekye. Alikuwa mzee wa Kasikeu, mgonjwa wa kisukari, na kijiji chake, umri wake, dawa zake, vyote vilikuwa pale ambapo habari za Kalekye zilipaswa kuwa.

"Famasi walimpa nini?" Bwana Musyoka aliuliza.

Nikatazama. Famasi walikuwa wakiita kwa namba, kwa sababu Kalekye na Mwende ni wengi. "Wamempa vidonge vya sukari."

"Na hana sukari," Sista Nduku alisema. "Hivyo vinashusha sukari ya mwili. Akivimeza bila kula, inashuka mpaka anaanguka." Aliangalia mlango, kisha akaniangalia mimi. "Anaishi wapi? Andika hapo niende."

Lakini hapo palikuwa na kijiji cha mzee wa Kasikeu. Makao ya Kalekye yalikuwa yamefutwa pamoja na jina lake.

Bwana Musyoka alivuta kiti. Alifungua faili la mipangilio la mashine yetu, na kando yake akafungua la mashine ya Kasikeu, na akayapitia mstari kwa mstari kwa kidole. Kidole kilisimama. Alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena, kana kwamba maandishi yangebadilika. "Soma huu," akaniambia. "Sasa soma wa kule." Mistari yote miwili ilikuwa ileile. Mashine ya Kitui ilipaswa kutoa moja, tatu, tano, na ya Kasikeu mbili, nne, sita, ili zisikutane kamwe hata laini ikikatika. Zote mbili zilikuwa zikitoa moja, tatu, tano. "Nilinakili faili la hapa nikalipeleka kule," alisema. "Nilikuwa nibadilishe mstari huo. Sikuubadilisha." Akashuka chini kidogo. "Na huu niliuongeza mwenyewe, wakati ule wa kugoma. Unaiambia mashine namba zikigongana isisimame, iandike juu na iendelee. Ndiyo maana haikupiga kelele tena."

Sitausahau uso wake. Hakulalamika, wala hakuapa. Aliniambia nichimbe kumbukumbu za mashine, zile inazojiandikia kila badiliko, nimtafute Kalekye alivyokuwa kabla ya kufutwa, na yeye akaenda kwa jirani yetu. Nilichimba huku nikisikia kila neno kupitia mbao.

"Bwana Ndambuki, nataka kufunga uandikishaji vituo vyote viwili. Sasa hivi."

"Leo soko? Umeona watu walioko huko nje?"

"Kila anayeandikishwa anaweza kumfuta mtu mwingine. Kuna mama ameenda na dawa isiyo yake."

"Sawa, lakini tuseme netiweki iko chini. Watu wanaelewa netiweki."

"Tukisema netiweki, manesi watangoja irudi, wafungue mafaili waendelee kupeana dawa. Na ikirudi ndio inafuta zaidi. Waambie mafaili yenyewe yameharibika. Wasiamini skrini. Waandike kwa karatasi na wamuulize kila mtu jina."

"Nani aliweka hiyo mashine ya Kasikeu?"

"Mimi."

Alirudi na kuizima sistimu kwa mkono wake kabla ya kuruhusiwa. Nilisikia kelele ikipanda kwenye foleni. Niliendelea kuchimba, na mstari wa Kalekye ulikuwa pale, mzima, chini ya maelfu ya mistari mingine: jina, umri, presha, kijiji kilichoko upande wa barabara ya Mutomo, simu ya jirani. Tulipiga. Haikupatikana. "Twende wote," Sista Nduku aliniambia. "Njia ya huko ni ya kuulizauliza, na mimi nitakuwa na mgonjwa mikononi." Bwana Musyoka hakuinua kichwa. Alikuwa ameanza kutafuta wengine waliogongana, na simu ya mezani iko sikioni.

Dereva wa ambulensi aliendesha bila king'ora kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpisha, vumbi tu na mbuzi. Kwenye mto mkavu magurudumu yalizama mchangani, na tulishuka tukasukuma, Sista Nduku na gauni lake jeupe, akihesabu kwa Kikamba ili tusukume pamoja. Sijawahi kuchukia mchanga kama siku ile. Tulipofika kwa Kalekye mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Mama mzee wa boma la pili, aliyekuwa akitwanga mahindi ya muthokoi, aliacha mchi hewani. "Kalekye ameenda mwethya," alisema. "Wanachimba matuta kwa mjane mmoja, kule juu." Mgonjwa aliyetoka hospitalini asubuhi alikuwa ameenda kuchimba na wenzake, kwa sababu mwethya ni kazi ya kusaidiana kwa zamu, zamu ilikuwa ya mwenzake, na hakutaka kusemwa.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona, lakini hawakuwa wakiimba wimbo wa kazi. Walikuwa wakiomba. Majembe yalikuwa yamelala kwenye tuta, na wanawake walikuwa wamemzunguka mmoja aliyeketi chini, nguo imelowa jasho, akitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Sista Nduku alipenya katikati yao, akapiga magoti.

"Kalekye, mami. Ni Sista. Umekunywa ile dawa?"

Alichelewa kujibu. "Niliimeza na maji. Nilisema nitakula tukimaliza." Ulimi wake ulikuwa mzito. "Nilidhani ni njaa."

Sista aliomba chai. Walikuwa nayo kwenye mtungi, na akamimina sukari ndani ya kikombe mpaka ikawa uji, akamshika kichwa, akamnywesha kidogo kidogo, akimwita jina kila anapofumba macho. Mwanamke mmoja akauliza kwa nini anapewa sukari nyingi hivyo na ana presha. "Ni sisi tulikosea," Sista Nduku alimjibu bila kugeuka. "Dawa aliyopewa ni ya mtu mwingine." Wanawake waligeuka. Walinitazama mimi, niliyekuwa na beji ya hospitali shingoni, na nilitamani ardhi inimeze. Tulimpakia kwenye ambulensi, akawekewa dripu, na katikati ya njia, tukivuka ule mto tena, Kalekye alifungua macho akauliza nani amebaki na jembe lake. Sista Nduku alianza kucheka, kisha cheko likageuka kilio, na akaendelea kushikilia chupa ya dripu juu huku akilia.

Wengine wote walipatikana, wengine siku hiyo, wengine baadaye. Yule mzee wa Kasikeu alikuwa amerudishwa nyumbani bila vidonge vyake kwa sababu faili lake kule lilikuwa limeanza kusema ana presha, na afisa wa kliniki alimfuata kwa pikipiki. Hakuna aliyekufa. Naandika maneno hayo polepole, kwa sababu katika miaka yote ya kazi nimekutana na watu wanaoyasema upesi, kana kwamba yanamaliza jambo. Bwana Musyoka hakuyasema kabisa. Kamati ya hospitali ilipokuja kukaa upande wa pili wa ukuta, nilikuwa peke yangu na ile ndoo ya maji, na nikasikia Bwana Ndambuki, ambaye nafikiri alikuwa akijaribu kumsaidia kweli, akisema ripoti inaweza kuandikwa kwamba kampuni iliyotuletea laini ndiyo yenye makosa. Laini ni mbovu, kila mtu anajua.

"Mkiandika hivyo mtabadilisha kampuni," Bwana Musyoka alijibu, "na ile mistari miwili itabaki palepale. Mwingine atakuja baada yangu, atasoma ripoti, atatafuta shida kwenye laini. Andikeni kwamba nilinakili faili na sikulibadilisha. Na niliifunga mashine mdomo ili isitusumbue. Pia kuna msichana wa mapokezi ana barua ya onyo kwa jambo ambalo si lake. Hiyo barua irudishwe."

Nimekaa kwenye mikutano mingi tangu wakati ule. Vijana ninaofanya kazi nao sasa wana vyombo ambavyo hatukuviota, na bado sistimu ikianguka wa kwanza kufungua mdomo husema ni netiweki. Siwagombezi. Najua ni nini kinachowasukuma, kwa sababu nilikisikia kikigonga ukuta wetu kwa ngumi majuma mengi. Lakini pia niliwahi kusikia, kupitia mbao hizo hizo, mtu akikabidhiwa mlango wa kutokea na akiufunga kwa upole kwa sababu ukweli ulikuwa sehemu ya kuirekebisha mashine. Mpaka leo sijui kama ningeweza. Barua ya Mwikali ilirudishwa. Alituletea mandazi yaliyofungwa kwa gazeti, akasimama mlangoni kidogo, akayaweka juu ya rafu akaondoka. Mwisho wa mwezi Bwana Musyoka aliachishwa kazi. Alinifundisha mpaka saa ya mwisho, akaniachia paswadi zote, na akabeba sweta lake.

Iliyobaki ilikuwa kuirudisha mashine ya Kasikeu, na aliyetumwa nilikuwa mimi. Chumba cha mapokezi cha kliniki kilikuwa na meza moja, karani mmoja mpya, na dirisha lenye nondo linalotazama uwanja. Nilifungua faili la mipangilio nikaogopa kuligusa. Nikaandika mstari, nikaufuta. Nikatoka, nikanywa maji, nikarudi. Nilipoinua macho Bwana Musyoka alikuwa amesimama nje ya dirisha, buti za shambani miguuni, mikono nyuma. Mlinzi alikuwa amemwambia kwamba gari la Kitui limefika.

"Ingia, Bwana Musyoka. Kuna kiti."

"Hapana. Mimi si mfanyakazi wa hapa. Nisomee tu."

Nikamsomea. Alisikiliza uso ukiwa umeinama, jua likimpiga shingoni, na hakuniambia niandike nini hata mara moja. Nilipokosea kusoma alisema, "Rudia." Nilibadilisha ule mstari: mbili, nne, sita. Niliutoa ule mwingine uliofunga mdomo. Nikaiwasha mashine upya, nikamsomea ilichosema, na kisha kukawa hakuna cha kusoma. Tukangoja. Mama mmoja akaingia na kikohozi, karani akamwandikisha, namba ikatokea. Nikaitaja kwa sauti. Iligawanyika kwa mbili. Nilipiga simu Kitui, Mwikali akanitajia ya kwao, na haikugawanyika.

Bwana Musyoka alitikisa kichwa kukubali, akatuaga wote wawili kwa maneno mafupi, "Haya, kazi njema," akageuka kuelekea kwenye machungwa yake. Karani alimtazama mpaka akapita geti.

"Huyo mzee ni nani?" akaniuliza.

"Ni mkubwa wangu," nikasema.